Anga ni pana, basi ndege hugonganaje?

Swali hili niliulizwa ndani ya boti, tukivuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda kwenda Lamu mjini. Bi mkubwa aliyeketi mbele yangu alikuwa ametoka kumsindikiza mwanawe aliyekuwa akienda Nairobi kwa matibabu. Alitoa simu akanionesha ile video ya Washington ambayo bado inazunguka: taa mbili zinasogeleana usiku juu ya mto, mara mwako mkubwa, kisha vipande vinavyowaka vinashuka majini.

"Mwanangu, uwingu wote ule! Wamekosa pa kupita?"

Kabla sijafungua kinywa, boti nzima ilikuwa imeshamjibu. Mmoja alisema rubani alilala. Mwingine akasema kwenye usukani alikuwa mwanamke, ndiyo sababu. Wa tatu akaapa kwamba ile ilikuwa njama. Haukupita muda yalikuwepo majibu matano, na hakuna hata moja lililogusa swali la Bi mkubwa. Nami naona lilikuwa swali zuri kuliko majibu yote, kwa hivyo nitajaribu kulijibu hapa bila haraka.

Kwanza tutenganishe mambo, maana katika mazungumzo yetu ajali tatu zimechanganywa zikawa moja.

Tarehe 10 Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, kwenye barabara ya Mombasa, na watu watatu waliokuwa chini wakafariki. Ile haikuwa mgongano wa angani. Ndege ilikuwa peke yake.

Siku 19 baadaye, usiku wa tarehe 29 Januari, ndege ya abiria iliyotoka Wichita, jimbo la Kansas, ikiwa na watu 64, ilikuwa inashuka kutua katika uwanja wa Reagan mjini Washington. Helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk, yenye wanajeshi watatu, ilikuwa ikipita chini chini juu ya mto Potomac. Zikagongana, na watu wote 67 wakafa. Marekani haikuwa imeona ajali kubwa ya ndege yake ya abiria kwa karibu miaka 16.

La tatu lilitangulia hayo, na ndilo linalotuhusu zaidi. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyopaa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea Diani na watu 44 ndani yake, iligongana na ndege ndogo ya mafunzo. Dash 8 iligeuza ikarudi ikatua salama. Waliokuwa kwenye ile ndogo, mwalimu na mwanafunzi, walifariki, ndege yao ikiangukia katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Nasema inatuhusu kwa kuwa Wilson ndiko ziendako na zitokako ndege nyingi tunazozipanda hapa Manda na Malindi.

Sasa maneno mawili ya kushika. La kwanza ni utengano: ile nafasi ambayo ni lazima ibaki kati ya ndege na ndege, iwe ya kwenda juu, ya pembeni au ya muda. La pili ni mwongoza ndege. Huyu si yule mtu mwenye fulana ya kung'aa anayeionesha ndege pa kuegesha. Mwongoza ndege hukaa mnarani au mbele ya kioo cha rada, huzungumza na marubani kwa redio, na kazi yake ya kwanza kabisa ni kuulinda huo utengano. Hana usukani wowote mkononi. Ana sauti yake tu.

Turudi kwa Bi mkubwa. Uwingu ni mkubwa kweli. Bahari nayo ni kubwa, lakini anayetoka Lamu kwenda Pate au Faza anajua kwamba bahari yote ile humleta Mkanda, kile kijia chembamba kati ya Manda na bara. Kila mwenye safari ya huko hupita palepale, na mara nyingi saa zilezile, kwa sababu wote wanangoja maji yajae. Ukisikia boti zimegongana, hutashangaa kwamba zimegongania mlangoni badala ya bahari kuu.

Anga iko hivyo hivyo. Juu kabisa ndege zina nafasi, na zinafuata njia zilizochorwa kwenye ramani. Lakini kila ndege lazima mwisho ishuke, na ikishuka inaelekea kwenye ukanda mmoja wa lami wenye upana wa makumi machache ya mita. Milango ya anga ni viwanja. Wilson ni mlango ambao ndege za watalii, za abiria na za wanafunzi wanaojifunza kupaa na kutua hupitia kwa pamoja. Uwanja wa Reagan, hadi usiku ule wa ajali, ulikuwa mlango wenye ndege za abiria juu na njia ya helikopta chini yake.

Ndege hutenganishwa vipi? Zikiwa juu, njia rahisi ni ghorofa. Kwa kawaida zinazoelekea upande wa mashariki hupewa maelfu ya futi yasiyogawanyika kwa mbili, zinazoelekea magharibi hupewa yanayogawanyika, na kati ya ghorofa na ghorofa hubaki angalau futi 1,000, yaani kama mita 300. Zikiwa ghorofa moja, rada huziachanisha kwa maili tano za bahari, au tatu zikiwa karibu na uwanja. Ndiyo, ni maili zilezile za manahodha wetu. Hata taa ni zilezile: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Na mkikutana uso kwa uso, kila mmoja hugeukia kulia kwake, majini na angani vilevile. Wenye ndege waliyakuta mambo haya baharini wakayachukua.

Ghorofa ikivunjwa, maafa hayako mbali. Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Charkhi Dadri nchini India, ndege moja iliruhusiwa kushuka hadi futi 15,000 na isizidi hapo, kwa sababu nyingine ilikuwa inakuja kwa futi 14,000. Ile ya kwanza ikapita chini ya kiwango chake. Watu 349 walikufa. Hadi leo hakuna mgongano wa angani ulioua watu wengi kama ule.

Rada na ghorofa zisipotumika, kinachobaki ni macho. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye moyo wa jambo lenyewe.

Kuna ruhusa ambayo rubani anaweza kuiomba: "Nimeiona ile ndege, nitajiepusha nayo mwenyewe." Mwongoza ndege akikubali, mzigo wa utengano unahama kutoka rada kwenda kwenye macho ya rubani. Inaokoa muda, na mchana katika anga nyeupe mara nyingi inafaa. Usiku wa Washington, marubani wa helikopta waliulizwa kama wanaiona ndege ya abiria. Wakajibu kwamba wanaiona, na wakaomba waachwe wajitenge nayo wenyewe.

Ami yangu alikuwa nahodha wa Matondoni. Nilipokuwa mdogo alinichukua usiku mmoja kwenye jahazi, akaniketisha karibu na mlingoti. Mbele kulikuwa na taa ya chombo kingine. Alinishika kichwa kisicheze, akaniambia niilinganishe ile taa na kamba ya mlingoti, kisha nitulie. "Ikitoka nyuma ya kamba, ikaenda mbele au ikarudi nyuma, huyo anapita, muache," akasema. "Ikikaa papo hapo kwenye kamba huku inakua, huyo anakuja kwako." Ile taa ilikaa papo hapo. Ami hakungoja. Aligeuza usukani mapema, chombo kikiwa bado ni nukta.

Sikuelewa hadi nilipokuwa mtu mzima kwamba alichonifundisha ndicho kinachowaua marubani. Macho yetu yameumbwa kukamata kitu kinachokwenda. Lakini kitu ambacho kiko njiani kukugonga, kama kila mmoja wenu anashika njia yake bila kubadili mwendo, hakiendi popote kwenye kioo chako. Kinakaa palepale kama doa la uchafu. Kinaweza kujificha nyuma ya chuma cha dirisha kikabaki hapo dakika nzima. Kisha katika sekunde za mwisho kinatanuka ghafla.

Na sekunde hizo ni chache. Jahazi lilimpa Ami dakika kumi za kufikiri. Ndege mbili kubwa zikija uso kwa uso, kila moja kwa kilomita 800 kwa saa, masafa ya kutoka Lamu mjini hadi Shela, zile kilomita tatu tunazozitembea kwa zaidi ya nusu saa, huyamaliza kwa chini ya sekunde saba. Ongeza usiku, na mji mzima nyuma yake unaowaka taa. Mtu anaweza kusema "naiona" kwa imani kamili huku anaitazama taa ya ndege nyingine kabisa.

Haya, tuifungue sasa ile ya Washington, kwa kipimo cha minazi.

Helikopta zilizotumia njia ile ya mtoni zilitakiwa zisizidi futi 200, kama mita 60, yaani minazi mitatu mirefu ukiisimamisha mmoja juu ya mwingine. Ndege za abiria zinazotua kwenye barabara namba 33 zilivuka juu ya njia hiyo hiyo. Wachunguzi walipopima waligundua kwamba hata kila mtu akishika kiwango chake bila kosa, kati ya helikopta na ndege ingeweza kubaki futi 75 tu. Mita 23. Mnazi mmoja.

Kisha wakavijaribu vipima kimo vya helikopta za aina ile. Vilionesha futi 80 hadi 130 chini ya kimo cha kweli. Soma tena taratibu: pengo lilikuwa futi 75, na kosa la kipimo lilikuwa kubwa kuliko pengo. Rubani angeweza kutazama saa yake ya kimo, akaona yuko salama, na kumbe yumo ndani ya njia ya mwenziwe.

Yapo na mengine. Usiku ule mwongoza ndege mmoja alikuwa akishughulikia helikopta na ndege za abiria kwa wakati mmoja, kazi ambazo kwa kawaida hufanywa na watu wawili. Aliwaambia helikopta wapite nyuma ya ndege, lakini inaonekana maneno hayo hayakuwafikia, kwa sababu kitufe cha redio upande wao kilikuwa kimebonyezwa kwa chini ya sekunde moja wakati uleule. Redio za ndege ziko kama zile za walinzi: wawili wakibonyeza pamoja, wanakatizana.

Kwa hivyo yule aliyesema "rubani alilala" amekosea, na aliyesema "mwongoza ndege alilala" naye amekosea. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilipotoa uamuzi wake Januari 2026, iliweka mbele njia ile ya helikopta iliyopitishwa karibu mno na njia ya kutua, na mazoea ya kuyategemea macho kupita kiasi.

Na lile la mwanamke? Ni kweli mmoja wa wale wanajeshi watatu alikuwa rubani wa kike. Siku ya pili yake, kabla mabaki hayajaopolewa yote, rais wa Marekani mwenyewe alisimama akazungumzia sera za kuajiri watu wa kila aina, bila ushahidi wowote. Maneno yale yalifika hadi kwenye baraza zetu. Uchunguzi haukuona kitu cha namna hiyo. Saa ya kimo inayodanganya humdanganya yeyote anayeitazama, na naona ni dhulma kumtwisha maiti kosa la njia aliyochorewa na wengine.

Kuna hoja nyingine niliyoisikia Malindi, kwa kijana anayejua simu na mitambo: "Siku hizi ndege zina kifaa cha kuzuia kugongana, kilikuwa wapi?" Hoja yake ina uzito. Kifaa kipo, kinaitwa TCAS. Ndege mbili zenye kifaa hicho huongea zenyewe kwa zenyewe, kisha kimoja humwambia rubani wake "panda" na kingine humwambia wake "shuka". Kimeokoa roho nyingi.

Lakini kina mpaka. Ndege ikiwa chini sana, kama futi 1,000 kwenda chini, kifaa hunyamazisha zile amri, kwa sababu kumwambia mtu ashuke akiwa karibu na ardhi ni kumtuma kaburini. Katika Washington kiliwaonya marubani wa ndege ya abiria, sekunde 20 hivi kabla, kwamba kuna chombo karibu. Hakikuwaambia wafanye nini. Na wala helikopta haikuwa ikirusha ile ishara ya kisasa inayotangaza mahali chombo kilipo.

Mpaka wa pili ni sisi wenyewe. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, kusini mwa Ujerumani, ndege mbili zilikuwa zinakaribiana usiku. Kifaa kilimwambia rubani wa moja apande. Sekunde hizo hizo mwongoza ndege, aliyekuwa peke yake kazini huku baadhi ya mitambo na simu zikiwa kwenye matengenezo, akamwambia ashuke. Rubani akamtii binadamu. Ile nyingine nayo ilikuwa imeambiwa na kifaa chake ishuke, ikashuka. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakienda likizoni. Baada ya hapo dunia ikasisitiza: kifaa na mwongoza ndege wakitofautiana, fuata kifaa.

Wengine huhukumu mambo kwa macho ya barabarani: ndogo impishe kubwa, kama bodaboda na lori. Hapana. Angani ukubwa haukupi haki. Njia zikikatana, anayemwona mwenzake kuliani ndiye anayepisha, na anayetua hupishwa. Watu wa Lamu hawatalishangaa hili, maana hata baharini boti ya injini ndiyo inayopisha jahazi la tanga.

Na kuna neno ambalo husemwa kumaliza mazungumzo: ajali ni qadari. Mimi ni Muislamu, sina ubishi na qadari. Lakini Mtume alimwambia yule bwana amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Uchunguzi wa ajali ni kwenda kuitazama kamba ya ngamia: ilifungwa? Iliozea wapi?

Hapa ndipo ninapofika kwenye namba inayoniuma kuliko zote. Wachunguzi walipofukua kumbukumbu za uwanja wa Reagan kuanzia Oktoba 2021 hadi Desemba 2024, walikuta mara 15,214 ambapo helikopta na ndege ya abiria zilikaribiana chini ya maili moja ya bahari, zikiwa zimepishana kwa chini ya futi 400 kwenda juu. Mara 85 kati ya hizo ukaribu ulikuwa wa kutisha kabisa. Namba hizi zilikuwemo kwenye kompyuta miaka yote hiyo. Hakuna aliyezijumlisha akasema simameni.

Nimewahi kuwa ndani ya boti iliyokwepana na nyingine kwa urefu wa mkono, karibu na gati la Mokowe, wakati wa magharibi. Maji yaliturukia wote. Mama mmoja alipiga kite, mtoto akaanza kulia, nahodha akacheka kidogo kwa woga. Tukasema alhamdulillahi, boti ikaendelea. Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyeuliza kwa nini boti mbili zilikuwa pale, bila taa, saa ile. Kesho yake zilipita palepale. Kunusurika kule tulikuchukua kama dalili ya kwamba pale ni salama, na Washington walifanya hivyo hivyo mara elfu kumi na tano na ushei.

Nimwambie Bi mkubwa asimpeleke mwanawe kwa ndege? Hata kidogo. Sisi wa Lamu tunajua mashambulizi yaliyokuwa yakiwapata watu kwenye barabara ya Witu hadi Garsen, na mgonjwa hawezi kungoja. Migongano ya ndege za abiria ni michache sana duniani. Ni michache kwa sababu baada ya kila mmoja kuna watu walioukalia, wakauchambua, wakabadilisha kanuni. Mgongano wa Grand Canyon wa mwaka 1956, uliowaua watu 128, ndio uliowasukuma Wamarekani kuunda mamlaka moja ya kuisimamia anga yao yote.

Kwetu Kenya, anayesimamia anga ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na hiyo hiyo ndiyo yenye waongoza ndege. Viwanja vikuu viko chini ya mamlaka nyingine, KAA. Uchunguzi wa ajali hufanywa na idara ya serikali iliyo mbali na hizo mbili, na kwa kanuni za kimataifa ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30. Ripoti hiyo husema kilichoonekana. Haimtaji mwenye hatia, na si kazi yake kumtaja. Watu wakiisoma wakakosa jina la mkosaji husema imefichwa kitu. Lengo lake ni ajali isirudi, na mtu anayeogopa jela hawezi kukueleza kwa uwazi alikosea wapi.

Viko pia viwanja vidogo visivyo na mnara kabisa, ambako marubani hutangaziana wenyewe kwenye redio: niko hapa, ninashuka, ninageuka. Ni utaratibu unaokubalika, ila unategemea kila mmoja awe na sikio wazi na ulimi mwepesi. Na sisi tunaoishi karibu na kambi ya jeshi ya Manda Bay tumezoea kusikia vyombo vya kijeshi vikipita juu ya mikoko, katika anga ileile inayopitiwa na ndege ya asubuhi kutoka Nairobi.

Tulipofunga gati siku ile nilikuwa nimefika kwenye minazi na saa ya kimo. Bi mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akashika mkono wangu ili ashuke, akaweka mguu kwenye ngazi, kisha akageuka.

"Basi na huku kwetu," akauliza, "zikikoswakoswa, nani anayehesabu?"

Kanuni zinawataka marubani na waongoza ndege watoe taarifa za matukio ya namna hiyo. Lakini yeye hakuuliza kanuni inasemaje. Aliuliza nani anahesabu, na akishahesabu anafanya nini. Kila mara upanuzi wa uwanja wa Malindi unapozungumzwa, tunauliza kuhusu fidia ya ardhi na urefu wa lami, na ni haki yetu kuuliza. Kikao kijacho, awepo na wa kusimama aulize hili la Bi mkubwa, kisha asiketi mpaka ajibiwe.